Leseni Ninayoiogopa ni Ile Isiyokuwepo

Fungua mipangilio ya simu yako, shuka hadi sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, kisha utafute palipoandikwa leseni au taarifa za kisheria. Utakuta orodha ndefu ajabu: majina ya programu usizozijua, majina ya watu usiowajua, na aya ileile ya Kiingereza ikijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Wengi wanakaa na simu miaka mitano bila kufika hapo, na siwalaumu. Ila orodha ile haikuwekwa kwa adabu. Mtengenezaji wa simu alichukua kazi za watu, akaziingiza kwenye bidhaa anayoiuza, na wenye kazi walikuwa wameshasema: chukua, uza, tajirika ukipenda, lakini jina langu na maneno haya yasiondolewe.

Hiyo ndiyo bei ya programu huria, yaani ile ambayo mwenyewe ameruhusu watu waisome, waibadilishe na kuisambaza, katika leseni zake zilizo nyepesi kabisa. Ni bei ndogo, na bado kuna kampuni zinashindwa kuilipa.

Kiswahili kimetuepusha na balaa moja. Waingereza wana neno moja linalobeba maana mbili, kutolipiwa na kutofungwa, na Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwamba yeye anamaanisha ile ya pili. Sisi tuna bure, tuna huru, na tukajipatia huria. Pamoja na utajiri huo, bado nawasikia waandishi wa programu, tena wazoefu, wakiambiana: "Hiyo ya bure, itupie tu humo ndani." Na neno bure hata kwetu lina harufu ya kitu kisicho na thamani. Mtu bure. Kazi bure. Ukishakiita kitu hivyo, nani atasumbuka kusoma masharti yake?

Stallman mwenyewe hakuwa akigawa vitu burebure. Mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuandikia, kwa dola 150 kila moja, na mnunuzi alikuwa huru kunakili na kugawa atakavyo. Leseni yake ya GPL, iliyotoka 1989 na kufanyiwa marekebisho 1991 na 2007, haijawahi kukataza biashara. Aliyeanza kwa kukataza ni Linus Torvalds. Linux, mfumo wake wa kuendesha kompyuta, ilipotoka 1991 ilikuja na masharti aliyoyatunga mwenyewe, likiwemo la kwamba mtu asitoze fedha kwa kuisambaza. Waliotaka kuwanakilia wenzao kwenye disketi hawakuweza hata kurudisha gharama ya disketi zenyewe. Mwanzoni mwa 1992 akaliacha sharti hilo na kuhamia GPL. Leo kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa kasi duniani zinaendeshwa na Linux, na sidhani kama ingefika huko na sharti lile la mwanzo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anauliza kama "inaruhusiwa" kutumia programu huria kwenye bidhaa ya kuuza, najua hajafika hata mlangoni. Maana rasmi ya programu huria, iliyowekwa mwaka 1998 na taasisi ya Open Source Initiative, ina vipengele 10, na cha 6 kinasema leseni isimbague mtu kwa sababu ya shughuli anayoifanya, biashara ikiwemo. Leseni inayosema "si kwa biashara" inaweza kuwa nzuri kwa mambo yake, ila haistahili jina hilo. Douglas Crockford, yule wa JSON (muundo wa kuandika data ili programu zibadilishane), aliwahi kuweka kwenye leseni yake sentensi ya kwamba programu itumike kwa mema na si kwa maovu. Utani mzuri, lakini wanasheria hawataniwi. Mawakili wa kampuni moja kubwa walimwandikia kuomba idhini ya pekee, akawapa, na amekuwa akisimulia kisa hicho jukwaani watu wakicheka. Mwaka 2016 wakfu wa Apache, unaosimamia miradi mingi ya programu huria, ukapiga marufuku leseni hiyo ndani ya miradi yake. Nani atapima uovu? Jaji gani?

Swali la maana kwa mwenye bidhaa ni moja: natakiwa kufanya nini kabla sijamkabidhi mteja? Mimi nilijifunza kuliuliza kwa kuaibika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu ndogo iliyotengeneza kifaa chenye programu yetu ndani. Tulikuwa tumeshakiuza kwa wateja wadogo wadogo, na hakuna aliyetuuliza chochote. Kisha akaja mteja mkubwa. Mawakili wake wakatuma barua fupi: tupeni orodha ya kila kipande cha msimbo (maandishi ya programu) ambacho hamkukiandika wenyewe, na leseni yake. Tukacheka. Tulidhani ni vipande vichache, kazi ya mchana mmoja. Ilituchukua wiki tatu, kwa sababu maktaba moja unayoichukua, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa na wengine, huja na ndugu zake, na ndugu zake wana ndugu zao, hadi tukajikuta tunahesabu mamia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari hatukuwa nalo.

Tulipomaliza, mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, kulikuwa na maktaba moja yenye GPL katikati kabisa ya programu yetu. La pili, kulikuwa na mafaili machache ambayo mwenzetu mmoja, aliyekwisha kuondoka, aliyanakili kutoka mahali fulani mtandaoni, hayana leseni yoyote. Chumba kizima kilikimbilia lile la kwanza. Meneja wetu alitamka "GPL" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Mafaili yasiyo na leseni yakapigiwa alama ya vema: hayana masharti, basi hayana tatizo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hofu yetu tumeielekeza pasipo.

Chukua GPL. Inasema nini hasa? Ukiitumia ndani kwako, hata kwenye kompyuta elfu kumi za kampuni, haikudai kitu. Wajibu unaanza pale unapoisambaza: unapompa mtu mwingine programu, iwe kwa faili au ndani ya kifaa. Ukimpa, basi mpe na msimbo wake, pamoja na ule wa kwako uliouunganisha nao ukawa kazi moja, na umwachie haki zilezile ulizopewa wewe. Si lazima uutangazie ulimwengu siku hiyohiyo. Ukiuendesha kwenye seva yako na watu wakautumia kupitia intaneti, GPL ya kawaida hainyanyui kichwa. Ndiyo maana 2007 ikatoka AGPL kuziba tundu hilo, na ndiyo maana Google imepiga marufuku AGPL kwa wafanyakazi wake waziwazi. Unaweza kuichukia GPL, lakini huwezi kusema hukuambiwa. Kila kitu kimeandikwa, kuanzia bei hadi wakati wa kuilipa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Linksys walitoa ruta yao ya WRT54G mwishoni mwa 2002, na miezi michache baadaye Cisco wakatangaza kuinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Katikati ya 2003 watu waliokuwa wakiichokonoa ruta ile wakagundua kwamba ndani yake mnakimbia Linux, na msimbo wake haukutolewa. Kilichofuata ni somo kwa yeyote anayenunua vipuri kwa wengine. Linksys walinunua chipu Broadcom, na Broadcom nao programu ya chipu walimpa mtu mwingine huko Taiwan aitengeneze. Cisco, mnunuzi wa mwisho kwenye mnyororo huo, alijikuta anadaiwa deni ambalo hakulikopa. Mkataba wa mamilioni yote hayo, na hakuna aliyefungua boksi kutazama mna nini!

Cisco wakatoa msimbo. Na dunia haikuisha. Watu wakauchukua, wakaanza kuirekebisha ruta ile ifanye mambo ambayo hata walioiunda hawakuyafikiria, na kutokana na msimbo huo mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo uko kwenye ruta za chapa nyingi. Ruta ya bei nafuu ikageuka kipenzi cha mafundi. Baadaye Linksys walipotoa toleo jipya lenye kumbukumbu ndogo na lisilotumia Linux, waliirudisha ile ya zamani kwa jina la WRT54GL, herufi ya mwisho ikisimama kwa Linux, nayo ikauzwa kwa zaidi ya miaka 10. Sasa niambie, kampuni ile iliumizwa na GPL, au ilitengenezewa soko ambalo isingelipata kwa tangazo lolote?

Najua jibu utakalonipa: hiyo ni ruta, siri yake iko kwenye kiwanda, sisi tunauza programu tupu na siri yetu ni msimbo. Sawa. Basi usichukue maktaba yenye GPL. Hakuna aliyekushika mkono. Tafuta yenye leseni nyepesi kama MIT, BSD au Apache, au nunua leseni ya kibiashara pale mwenye mali anapoiuza, kama wanavyofanya wenye maktaba ya Qt. Nisichokubali ni kuichukua, kuinyamazia, kisha kuilalamikia kwamba "inaambukiza". Haijamrukia mtu.

Wapo pia wanaodhani masharti haya ni maneno ya hewani yasiyosimama mahakamani. Hilo lilishakufa zamani. Harald Welte, mmoja wa waandishi wa kiini cha Linux, alipata amri ya mahakama mjini Munich mwaka 2004 kwa kutumia GPL. Nchini Marekani kesi iliyomaliza ubishi ilihusu, amini usiamini, treni za kuchezea. Robert Jacobsen, mwanafizikia, aliongoza programu huria ya kuendesha treni hizo, na mfanyabiashara mmoja akachukua mafaili yake bila kutaja yalikotoka. Mahakama ya chini ilisema hilo ni suala la mkataba tu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikakataa: masharti yale ni masharti ya hakimiliki yenyewe, ukiyavunja umekuwa mtu anayenakili kazi ya mwenzake bila ruhusa. Na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange ilipe mamia ya maelfu ya yuro kwa kuvunja GPL ya maktaba moja ya kampuni ndogo ya Kifaransa.

Soma tena hukumu ya treni, maana ndiyo inayonirudisha kwenye yale mafaili yetu. Kisheria, msimbo una mwenyewe tangu sekunde ulipoandikwa. Haki zote ni zake. Leseni ndiyo kitu pekee kinachokutoa kwenye kundi la wezi. Kwa hiyo faili lisilo na leseni halimaanishi "hakuna masharti". Linamaanisha hakuna ruhusa. Kuuweka msimbo GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, mahali kila mtu anapouona hakubadilishi jambo hilo. Wale wanaonakili majibu kutoka Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, wanapaswa kujua kwamba hata yale yana leseni yake, Creative Commons ile ya kutaja jina na kushiriki kwa masharti yaleyale, na sijakutana na bidhaa nyingi zinazoiheshimu. GPL iliyo katikati ya programu yetu tungeweza kuizungumzia, kuibadilisha au kuitii. Kwa yale mafaili hatukuwa na hata pa kuanzia. Ungemtii nani?

Sasa nigombane kidogo na upande wangu, yaani sisi tunaoandika.

Leseni ya MIT ni fupi kiasi kwamba unaweza kuisoma umesimama. Fanya utakalo, uza, funga, usitoe msimbo. Acha tu jina langu na tangazo hili. Kisha inafuata aya kwa herufi kubwa ambayo wenye kampuni hawaisomi: programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Mwaka 2014, ilipogundulika kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, dunia ikashangaa kusikia kwamba mradi uliokuwa ukilinda sehemu kubwa ya intaneti ulikuwa unapata michango ya karibu dola 2,000 tu kwa mwaka. Desemba 2021 ikaja kasoro ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, na waliokesha kuirekebisha walikuwa watu wa kujitolea. Januari iliyofuata Daniel Stenberg, mwandishi wa curl (zana ya kuhamisha data mtandaoni), akapokea barua pepe kutoka kampuni moja kubwa ya Marekani ikimtaka ajibu maswali kuhusu Log4j ndani ya saa 24. Curl haitumii hata Log4j. Akawajibu kwamba atafurahi kujibu yote mara watakapokuwa na mkataba wa huduma naye. Nililicheka jibu hilo siku nzima, na bado nadhani ndilo jibu sahihi zaidi lililowahi kutolewa kwenye fani hii.

Lakini tazama tofauti. Stenberg anajua alichokitoa na alichokibakiza, kwa hiyo hana uchungu. Wengine wetu tunatoa kwa MIT, tunafurahia nyota za GitHub na sifa, kisha siku kampuni kubwa inapotengeneza fedha kwa msimbo wetu tunaandika makala za machozi kwamba tumenyonywa. Kutoa ni moyo, sikatai. Ila aliyeandika "fanya utakalo" hawezi kumshangaa aliyefanya alitakalo. Kama ulitaka kurudishiwa kitu, leseni ya kusema hivyo ilikuwepo tangu 1989.

Na kampuni zinazojiita za huria zimekuwa na machozi ghali zaidi.  Elastic waliiacha leseni ya Apache mwanzoni mwa 2021, HashiCorp wakafuata 2023, Redis wakaiacha BSD Machi 2024. Sababu ni ileile: kampuni nyingine, hasa za wingu (zinazokodisha kompyuta kupitia intaneti), zinachukua programu yetu, zinaiuza kama huduma, hazituachii kitu. Ninaielewa hasira hiyo. Ila wakati soko likiwa dogo na watumiaji wakihitajika, leseni nyepesi ilikuwa chambo, na chambo kilifanya kazi yake. Waliochangia msimbo kwa miaka waliamini wanachangia kitu kitakachobaki wazi. Wengi wao walikuwa wameshasaini makubaliano ya mchangiaji yanayoipa kampuni haki ya kubadili masharti siku yoyote, karatasi ambayo huwa tunaibofya bila kuitazama. Mimi nimeibofya mara nyingi tu.

Kilichotokea baadaye kingechekesha kama kisingekuwa na gharama. Amazon wakauchepusha msimbo wa Elasticsearch, yaani wakachukua toleo lililokuwa huria na kuliendeleza kando, ukawa OpenSearch. Wa Terraform, programu ya HashiCorp, ukawa OpenTofu. Wa Redis ukawa Valkey, na ilichukua siku chache tu. Kisha mwaka 2024 Elastic wakaongeza AGPL kama chaguo, na Redis wakafanya hivyohivyo Mei 2025. Walizunguka nyumba nzima kuja kuingia kwa mlango uliokuwa mbele yao. AGPL ilikuwepo tangu 2007, na inasema wazi kile walichokitaka: ukiirekebisha na kuiuza kama huduma, toa marekebisho yako. Walioiogopa ni mawakili wa wateja, na kampuni changa haipendi kumtisha mteja. Kwa hiyo ikachagua kumdanganya mchangiaji. Neno kali, najua. Silirudishi.

Siku hizi nikianza bidhaa, jambo la kwanza kabla ya mstari wowote wa msimbo ni faili la orodha: jina la maktaba, toleo, leseni, tumeitumiaje. Kuna zana zinazolifanya hilo zenyewe kila unapojenga programu, na hakuna sababu ya kulifanya kwa mkono kama sisi tulivyolifanya. Apache nazipenda kwa bidhaa za biashara kuliko MIT, kwa sababu zinataja hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) kwa jina: aliyekupa msimbo hawezi kurudi kukushtaki kwa hataza zake zilizomo. LGPL, ndugu mpole wa GPL, nazitumia bila wasiwasi ilimradi mteja aweze kuibadilisha maktaba yenyewe. Na leseni iliyotungwa na mtu mwenyewe, hata iwe na mistari minne ya kuchekesha, naiacha ilipo.

Yale mafaili yetu? Maktaba ya GPL tuliishughulikia kwa siku nne. Tuliitenga ikawa programu inayojitegemea, tukaweka msimbo wake na maelekezo kwenye boksi la kifaa, mawakili wakaridhika. Kwa yale yasiyo na leseni tuliwasaka walioyaandika. Mmoja alijibu siku hiyohiyo, akashangaa kwamba kuna mtu anayaulizia, akaongeza leseni ya MIT na kututakia heri. Wa pili anwani yake ilikuwa imekufa, na jina alilotumia halikutupeleka popote. Tukaufuta msimbo wake wote, na mtu ambaye hakuwahi kuuona akapewa maelezo ya kazi yake tu aandike upya. Ilimchukua wiki mbili, na toleo lake hadi leo ni polepole kuliko lile tulilolifuta.